Historia Fupi ya Puli na Ugomvi wa Mpira Mweusi

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani,

Mhariri wetu aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano, bila shaka alitarajia nieleze habari za boma la Wajerumani la Ikoma, au jinsi Serengeti ilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mambo hayo wamekwisha kuyaandika wajuzi kunizidi. Mimi naomba ruhusa yenu niandike historia ya mchezo wa puli. Najua wako watakaoguna, hasa walimu wetu wastaafu ambao nao hulipata gazeti hili. Hata hivyo, wale waliokuwapo Mugumu jioni moja ya Desemba 2008 wanajua kwa nini nimeuchagua mchezo huu, na miongoni mwao yuko mmoja ambaye kwake makala haya ni malipo ya deni.

Kwa faida ya wasiokuwapo, kisa chenyewe ni hiki. Kila Desemba sisi tunaofanya kazi mbali hurudi nyumbani. Mwaka ule tuliosoma pamoja tulijigawa pande mbili, watu wa Tarime na watu wa Serengeti, tukapatana kushindana puli katika baa moja ya Mugumu. Zawadi ilikuwa mbuzi beberu. Tulicheza michezo 9, na ilipofika jioni tulikuwa 4 kwa 4. Mchezo wa mwisho upande wa Tarime ulichezwa na ndugu yetu ambaye shuleni alilala kitanda cha chini, nami cha juu, tangu tulipokuwa njuka wa kidato cha kwanza hadi mtihani wa kidato cha nne. Mimi ni mtu wa Mugumu, lakini pande zote mbili zilinichagua kuwa mwamuzi, kwa sababu nilikuwa nimerudi na digrii na nilikuwa nimeajiriwa serikalini.

Ikawa zamu yake kuvunja, yaani kupiga lile pigo la kwanza la kutawanya mipira. Alipiga kwa nguvu, na mpira mweusi, nane, ukaenda moja kwa moja ukazama shimo la pembeni. Akainua fimbo juu kwa furaha, kwa kuwa katika baa za Tarime alikokulia, nane ikizama kwa kuvunja umeshinda. Vijana wa Mugumu nao wakapiga kelele kuwa ameshindwa, kwa kuwa katika baa za kwetu nilizozijua, nane ikizama kabla ya wakati wake umejiua mwenyewe. Wote wakanigeukia mimi. Nilijiona mtu mwenye digrii hafai kusema "sijui". Nikatamka kuwa ameshindwa.

Aliilaza fimbo mezani taratibu, akaniuliza, "Sheria hiyo umeitoa wapi?" Nikajibu, "Ndiyo sheria." Hakusema neno jingine. Usiku ule ule alipanda gari kurudi Tarime, nasi tukamchinja mbuzi. Tangu siku hiyo tumekutana misibani, tumepeana mikono kama watu wasiofahamiana, basi.

Swali lake lilikuwa la haki. Sheria ile niliitoa wapi? Imenichukua miaka mingi kulitafutia jibu, na kulitafuta kumenifikisha mbali na Mugumu.

Nianze na mipira yenyewe. Baba wa puli ni biliadi, mchezo wa wakubwa wa Ulaya, na kwa muda mrefu mipira bora ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu. Katika karne ya 19 soko kuu la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sultani Said mwaka 1833, wakaweka konseli wao huko mwaka 1837, na pembe nyingi zikapelekwa katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, kufanywa vitana, vibao vya piano na mipira ya biliadi. Wawindaji wa Serengeti ya magharibi nao waliingia katika biashara hiyo. Wakati huo huo Waikoma walikuwa na pembe zao mbili takatifu, ziitwazo Machaba, ambazo hazikuwa za kuuzwa wala kukatwa. Kwa hiyo pembe moja ya ndovu iliweza kuwa kiapo cha ukoo mzima, au ikawa mipira michache ya kugonganishwa na matajiri baada ya chakula cha jioni.

Pembe zilipoanza kuwa adimu na ghali, kampuni moja ya Marekani iitwayo Phelan and Collender ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha kushika nafasi yake. John Wesley Hyatt alijitosa, na kufikia mwaka 1870 alikuwa amepata seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo kabisa duniani. Ubaya wake ni kwamba ilishika moto upesi. Hyatt mwenyewe alisimulia kuwa mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia akisema mipira ikigongana sana hutoa mlio kama wa fataki, na kwamba yeye binafsi hajali, ila kila inapolia wanaume wote ndani ya baa hutoa bastola. Baadaye, mwaka 1907, Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, aligundua bakelaiti, na mipira mizuri ya leo hutengenezwa kwa utomvu wa jamii hiyo hiyo. Ndovu wa Serengeti wamepata maadui wengine baadaye, lakini huyo wa biliadi alikwisha kuondoka.

Fimbo nayo ina historia yake. Zamani ncha yake ilikuwa mti mtupu, na mchezaji akigonga mpira kando kidogo, fimbo iliteleza. Mfaransa François Mingaud, aliyetoka kifungoni mwaka 1807, ndiye anayehesabiwa kuwa aliieneza ncha ya ngozi. Chaki ya fimbo tunayoijua leo ililindwa kwa hataza Marekani mwaka 1897 na William Spinks, mchezaji, pamoja na William Hoskins, mkemia. Kumbe si chokaa hata kidogo, bali ni unga wa mawe magumu ulioshikanishwa ili ngozi iume mpira. Hapo nimepata jibu la fumbo letu la zamani. Wale tuliokuwa tukitoroka Jumamosi kwenda mjini mnakumbuka kuwa tulibeba vipande vya chaki ya ubaoni mifukoni, na bado fimbo iliteleza. Chaki ya ubaoni ni jasi laini. Tuliiba bure.

Sasa nije kwenye sheria. Neno puli lenyewe, huko lilikotoka, lilikuwa jina la dau ambalo wachezaji huchanga na mshindi hulichukua lote. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa na kitu mezani cha kugombewa, na penye kitu cha kugombewa hapakosi mabishano. Mfano mzuri ni snuka. Mchezo huo ulizaliwa mwaka 1875 huko Jabalpur, India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza, na anayetajwa kuuanzisha ni ofisa kijana Neville Chamberlain, ambaye si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Kwa miaka kadhaa kila mess ilicheza ijuavyo. Ndipo mwaka 1882, katika klabu ya Ootacamund, sheria zikaandikwa na kubandikwa ukutani katika chumba cha biliadi. Naomba mkumbuke karatasi hiyo ya ukutani, maana nitairudia.

Mchezo wetu wa nane ulianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20: mipira saba ya aina moja, saba ya aina nyingine, na mmoja mweusi wa kumalizia. Kutoka hapo ukagawanyika katika koo mbili kubwa. Ukoo wa Marekani hutumia mipira yenye namba, na meza za mashindano aghalabu huwa za futi 9. Ukoo wa Uingereza huchezwa kwenye meza ndogo ya futi 7 au 6 yenye mashimo membamba, na miongoni mwa sheria zake za kimataifa ziko ziitwazo Blackball, ambazo zinajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Hata kupanga mipira ni tofauti. Kwa Wamarekani, mpira wa mbele kabisa wa pembetatu ndio hukaa juu ya doa la meza. Katika Blackball, juu ya doa hukaa ule mweusi.

Kuvunja nako kunahukumiwa mbalimbali. Kwa sheria za kimataifa za Kimarekani, pigo la kuvunja ni halali ukizamisha mpira, au mipira isiyopungua minne ikigusa kingo za meza. Kwa Blackball ni halali ukizamisha mpira, au mipira isiyopungua miwili ikivuka mstari wa kati, ule unaounganisha mashimo ya katikati. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuvunja vizuri kabisa kwa sheria moja, na pigo lile lile likawa kosa kwa sheria nyingine.

Na nane ikizama kwa kuvunja? Hapa ndipo nilipokaa kimya kwa muda mrefu baada ya kusoma. Kwa sheria hizo za Kimarekani, aliyevunja anachagua: nane irudishwe mezani mchezo uendelee, au avunje upya. Kwa Blackball mipira yote hupangwa upya, na yule yule aliyevunja huvunja tena bila adhabu yoyote. Katika vitabu vyote viwili huyo hajashinda wala hajashindwa. Ziko ligi za Marekani zinazompa ushindi. Lakini sheria ile niliyoitamka mimi kwa sauti ya serikali, kwamba ameshindwa, sikuikuta katika kitabu chochote cha mashindano nilichosoma, isipokuwa pale ambapo mpira mweupe nao umezama. Siku ile mweupe haukuzama. Ulisimama katikati ya meza, sote tukiuona.

Basi sheria ya Tarime na sheria ya Mugumu zilitoka wapi, na kwa nini zote mbili zilikataa kurudia mchezo? Jibu liko ndani ya meza yenyewe. Meza zilizoenea katika miji yetu ni meza za sarafu, ambazo zilishamiri katika baa za Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1950 na 1960. Unatumbukiza sarafu, unasukuma kishikio, mipira inashuka. Kila mpira unaozama humezwa na kufungiwa tumboni mwa meza, isipokuwa mweupe, ambao hutengwa na mingine kwa ukubwa wake, au uzito, au sumaku, ukarudi kwa njia yake. Kwa hiyo nane ikizama haiwezi kurudishwa mezani. Huwezi kuipata mpaka mwenye meza afungue kwa ufunguo, au mtu atoe sarafu nyingine.

Sasa jiulizeni: nani atoe sarafu hiyo? Aliyevunja atasema hakukosea. Mwenzake atasema hakucheza hata pigo moja. Mwenye meza hatoi chake. Ndipo watu wa kila baa walipokata shauri kwamba nane ikizama mchezo umekwisha. Tarime wakampa ushindi aliyevunja, Mugumu wakampa mwenzake. Hakuna upande uliokuwa na ujinga. Kila upande ulikuwa unaokoa sarafu, na mazoea yakageuka kuwa sheria.

Meza hizo mimi niliziona kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi. Biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa, bidhaa za nje zilikuwa zikiingia, na Tarime, kwa kuwa Sirari na mpaka wa Kenya viko karibu, haikuchelewa kupata chochote kipya. Tena meza ya sarafu haihitaji umeme. Taa ya karabai moja ilitosha, na mchezo ukaendelea mpaka usiku.

Vifaa vyetu vilikuwa na sheria zao pia. Meza ya Mugumu ilisimama juu ya sakafu isiyo sawa, mguu mmoja ukiwa umeinuliwa kwa kipande cha tofali, na mpira uliopigwa polepole uliinama kuelekea mlangoni. Wenyeji tulilijua hilo, wageni hawakulijua. Ncha za fimbo zikiisha tulibandika ngozi iliyokatwa kwenye mkanda wa suruali. Mpira mweupe ukipotea, mwenye meza alileta wowote alioupata, na kama ukubwa wake haukuwa ule unaotakiwa, meza iliumeza pamoja na mingine. Ndiyo maana kwetu kuzamisha mpira mweupe kulichukiwa kuliko kosa jingine lolote: kulikuwa na gharama.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli alipowataka wakuu wa mikoa wasiwaache vijana kushinda kwenye puli saa za kazi, mimi nilikuwa miongoni mwa watumishi tuliopita mitaani kutangaza kuwa meza zifunguliwe jioni tu. Katika kibanda kimoja nilikuta vijana watatu na meza iliyofunikwa turubai. Ukutani palikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu: sarafu hutolewa na aliyeshindwa; nane kwa kuvunja, rudia; mabishano yote ataamua mwenye meza. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa nimekwenda kuwahubiria vijana wale habari ya nidhamu, na kumbe walikuwa na kitu ambacho sisi, wasomi wenye vyeti, hatukuwa nacho mwaka 2008. Waheshimiwa wa Ootacamund mwaka 1882 na vijana wa kibanda kile walikuwa na busara moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa urafiki nao hupotea hivyo hivyo.

Wazee wetu Wakurya walijua jambo hili kabla ya karatasi kufika. Katika iritongo shauri halikuamuliwa na mtu mmoja kwa sababu tu amesoma. Watu walikaa, kila upande ukasikilizwa, na desturi ikatajwa hadharani kabla hukumu haijatolewa. Mimi sikuuliza upande wowote. Sikuuliza hata tumepatana kucheza kwa sheria gani. Nilichukua mazoea ya baa za kwetu, nikayavalisha koti la sheria, nikamhukumu nayo mtu aliyekuwa amenikopesha sweta yake kila asubuhi ya baridi kwa miaka minne. Mbaya zaidi, mazoea hayo yaliufaa upande wangu. Naandika haya ili kila aliyekuwapo ajue kuwa hukumu ile haikuwa sahihi, na kwamba kosa lilikuwa langu, wala si la vijana wa Mugumu.

Kwa kuwa katika mkutano wetu ujao meza ya puli itakuwapo, naomba kamati ipokee mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, tucheze kwa sheria za Blackball, ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani kabla ya pigo la kwanza.

Pili, nane ikizama kwa kuvunja, mipira ipangwe upya na avunje yule yule.

Tatu, sarafu za michezo yote zitolewe na mfuko wa chama na kuwekwa kwenye bakuli kando ya meza, ili asiwepo mtu wa kuogopa kurudia mchezo.

Nne, meza ipimwe kwa pima maji mbele ya pande zote mbili, na wachezaji wote watumie fimbo na chaki zile zile.

Tano, mwamuzi asiyejua aseme hajui, mchezo usimame, watu waulizane.

Nimalizie kwa kusema nawe, ndugu yangu wa kitanda cha chini. Uliniuliza sheria ile niliitoa wapi. Jibu ni kwamba sikuitoa popote. Sarafu moja ya shilingi 200 ingetutosha jioni ile, na mfukoni mwangu ilikuwamo. Mchezo wetu wa tisa haujachezwa mpaka leo, na matokeo bado ni 4 kwa 4. Mbuzi nitamleta mimi. Mwamuzi tutamtafuta mwingine, asiwe wa Tarime wala wa Mugumu. Nimekwisha kuweka sarafu akiba, na kwa mujibu wa sheria aliyevunja ndiye anayevunja tena.

Njoo uvunje.

Wasalaam.